Maswali na Majibu: Injini mpya za langalanga

Tangu Formula One itangaze kanuni za 2026, maswali hayakatiki. Leo nawajibu wa kanda ya kati.

Nasikia wameng'oa kitu kwenye turbo. Kipi, na kwa nini? (Fundi, Majengo, Dodoma)

Fundi, ni ile mota iliyokaa kwenye shafti ya turbo (kifaa kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini), MGU-H. Ilivuna nishati ya moshi wa ekzosi na kuigeuza umeme, na dereva alipokanyaga mafuta iliizungusha turbo kabla moshi haujatosha. Ilikuja 2014 pamoja na injini za V6, yaani za silinda sita, za lita 1.6. Kazi ya akili, lakini ghali mno, na hakuna kampuni mpya iliyotaka kuanza kujifunza kitu ambacho wenzake wamekizoea miaka kumi. Ilipoamuliwa iondoke, Audi wakakubali kuingia. Gharama ya kuiondoa unaijua: turbo kuchelewa kuvuta, hasa gari linapoondoka likiwa limesimama.

Shikamoo mzee. Nusu mafuta, nusu umeme: hesabu yake ikoje? (Mwanafunzi, UDOM)

Marahaba. Injini ya mafuta imeshushwa kutoka kilowati 550 hivi hadi 400 hivi. Mota ya umeme imepandishwa kutoka 120 hadi 350. Kwa hiyo "nusu kwa nusu" inayotangazwa ni ya kukadiria tu.

Tatizo ni akiba. Betri inaruhusiwa kutumia megajuli 4 kutoka kujaa hadi kwisha. Gawanya kwa kilowati 350: utapata sekunde 11 na ushee. Ni simtanki dogo lenye bomba kubwa. Linajazwa gari likifunga breki, na pia mota ikivuna kutoka kwenye injini yenyewe. Monaco kona ni nyingi, kujaza si taabu. Uwanja wa Monza, Italia, ni nyika, breki chache, umeme unaisha kabla barabara haijaisha. Ndiyo maana kanuni zinapunguza nguvu ya mota kasi inapovuka kilomita 290 kwa saa, na ndiyo maana utamwona dereva akiachia mafuta kabla ya kona. Mimi hapo ndipo naponuna. Mbio za kubana matumizi zina utamu wake, ila dereva kupunguza mwendo kwenye mnyoosho haipendezi machoni.

DRS imekwenda wapi? (Kondoa)

DRS, ile ya kufungua bawa la nyuma ili anayefukuza apate kasi, imefutwa baada ya kutumika tangu 2011. Sasa mabawa ya mbele na ya nyuma yanalala kwenye minyoosho kwa kila gari, si kwa anayefukuza peke yake. Anayefukuza, akiwa ndani ya sekunde moja, anapewa umeme wa ziada. Magari nayo yamepunguzwa: upana sentimita 190 badala ya 200, uzito wa chini kilo 768 badala ya 800.

Kaka, ule mlio wa V10 utarudi lini? (Singida)

V10 ziliondolewa baada ya msimu wa 2005, zikaja V8 hadi 2013. Mwaka 2025 rais wa FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, Mohammed Ben Sulayem, aliibua upya hoja ya V10 zinazotumia mafuta yasiyotokana na petroli ya kuchimbwa, kisha mazungumzo yakaelekea kwenye V8. Kikwazo ni fedha: Honda na Audi wamekuja kwa sababu ya umeme, hawawezi kuambiwa kesho wautupe. Ningeulizwa mimi, ningechagua V8 yenye mota ndogo. Gari linakuwa jepesi, na masikio yanapata haki yake.

Dodoma tuko juu. Injini hizo zingeumia hapa? (Area C)

Hapana. Sisi tuko mita 1,100 na kidogo. Mexico City ni zaidi ya 2,200 na wanakimbia. Turbo huzunguka zaidi kufidia hewa nyepesi. Kinachoumia zaidi ni mabawa na upoozaji.

Na sisi wa vumbi? Safari Rally itabadilika? (Mpwapwa)

Itabadilika, na kwa maoni yangu kwa busara kuliko langalanga. Ubingwa wa dunia wa rali, ambao Safari ni mojawapo ya mbio zake, uliingiza umeme 2022 kwenye magari ya daraja la juu, ukautoa 2025. Kuanzia 2027 gari jipya lina ukomo wa bei wa euro 345,000, nguvu za farasi kama 300, fremu ya mabomba, na mlango uko wazi hata kwa watengenezaji wadogo wasio kampuni kubwa za magari. Fremu ya mabomba inachomelewa ikivunjika. Kwa mawe ya Naivasha, hilo si jambo dogo.