Barua kwa mwanangu: senti iliyomo kikombeni

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unasema kikundi chenu kinataka kufungua kibanda cha kahawa ya biashara ya haki hapo chuoni, na wakati huohuo muushinikize uongozi ununue bidhaa za namna hiyo. Unauliza muanze na lipi. Anzeni na hesabu, mabango yatasubiri.

Chukua arabika iliyooshwa, yaani kahawa inayomenywa na kuoshwa kabla ya kukaushwa. Kwa viwango vya Fairtrade, mfumo unaotoa cheti cha biashara ya haki, tangu Agosti 2023 ushirika haulipwi chini ya dola 1.80 kwa ratili ya kahawa mbichi; kabla ya hapo ilikuwa 1.40. Soko likipanda juu ya kiwango hicho, mnunuzi analipa bei ya soko. Halafu, soko liwe juu au chini, inaongezwa premiamu, yaani fedha ya ziada ya maendeleo ya ushirika, ya senti 20 kwa ratili, na angalau senti 5 kati ya hizo ziende kwenye tija na ubora.

Sasa ilete kikombeni. Kahawa ikikaangwa hupungua uzito kwa asilimia 15 hadi 20, kwa hiyo kilo moja iliyokaangwa inataka kama kilo 1.2 za mbichi, yaani ratili 2.65. Premiamu yake ni senti 53. Kwa gramu 18 kila kikombe, kilo hiyo inatoa vikombe 55. Gawanya mwenyewe: haifiki hata senti moja. Mkiandika kwenye bango kwamba kikombe kimoja kinasomesha mtoto, mhadhiri yeyote wa uchumi atawaumbua kwa dakika mbili, na atakuwa amesema kweli.

Senti hiyo huonekana kwenye kontena. Magunia 320 ya kilo 60 ni kilo 19,200, na premiamu yake inapita kidogo dola 8,460. Ushirika wenye wanachama 400 ukiigawa, kila mtu anapata kama dola 21, zinaishia mfukoni. Ikibaki fungu moja, inakarabati ghala. Ndiyo maana matumizi yake hupigiwa kura kwenye mkutano mkuu wa wanachama, na hilo ndilo jambo la kuulizia: safari iliyopita walipitisha nini?

Ujue pia pale mfumo unapovuja, maana mtaulizwa. Bei ya chini inalipwa kwa ushirika. Mkulima anapata kinachobaki baada ya gharama za kukoboa, usafiri na madeni. Kibarua wa msimu anayechuma shambani kwa mkulima mdogo huenda asione kitu. Na ushirika wenye cheti mara nyingi huuza sehemu tu ya mavuno kwa masharti ya Fairtrade, nyingine inakwenda kwa bei ya kawaida kwa kukosa wanunuzi. Hiyo ya mwisho ndiyo hoja yenu yenye nguvu kuliko zote: cheti kipo, kinachokosekana ni oda.

Kuna na balaa la upande wa pili. Mwaka 2019 soko lilishuka chini ya dola 1, na kinga ya 1.40 ikaonekana thamani yake. Mapema 2025 likapita dola 4. Hapo mlanguzi anafika shambani na fedha taslimu, wanachama wanamuuzia yeye, na ushirika uliosaini mkataba mapema unakosa mzigo wa kupeleka. Kabla ya kumwamini msambazaji, muulize kama mkataba wa msimu uliopita ulitimizwa wote.

Kibanda chenyewe hakina mengi. Nunueni pakiti zilizokwisha kufungwa na kuwekewa alama. Kuziuza hivyo hakuhitaji leseni. Mkizifungua na kupakia upya kwenye mifuko yenu yenye alama ya Fairtrade, leseni inahitajika, na vikundi vingi hujikwaa hapo. Msiombe mali kauli kwa ushirika. Viwango vinawapa wazalishaji haki ya kuomba malipo ya awali hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Ninyi mkichukua mzigo kwa ahadi, mmeigeuza biashara kichwa chini miguu juu. Oda ya kwanza iwe ya wiki tatu, isizidi, na msiagize wiki mbili kabla ya likizo. Kahawa iliyokaangwa haingoji muhula ufunguliwe.

Uraghibishi, yaani kule kuushinikiza uongozi, nao una kalenda yake. Saini elfu mbili zikipelekwa mwezi mmoja baada ya chuo kusaini na mzabuni wa chakula ni karatasi tu. Nendeni kwa afisa manunuzi, si kwa mkuu wa chuo kwanza, mkaulize mambo matatu: mkataba wa sasa unaisha lini, kilo ngapi za kahawa, chai na sukari zinanunuliwa kwa muhula, na nani anaandika vigezo vya zabuni. Kisha pelekeni sentensi moja ya kuingizwa kwenye vigezo, miezi sita kabla: "Kahawa na chai yote itakayotolewa kwenye kumbi za chuo iwe na uthibitisho huru wa biashara ya haki, na mzabuni aoneshe ankara kila robo mwaka." Bila ankara, mtaletewa pakiti moja ya maonesho kaunta na magunia ya kawaida jikoni.

Jambo la mwisho, na hapa sina mzaha: anayeongoza kampeni asiwe mwenye funguo za kibanda. Siku chuo kikikubali na oda ikaja kwenu, mtaonekana mlikuwa mnajipigia debe. Tenganisheni viongozi, akaunti na mihuri, tena mapema.

Ukishaijua tarehe ya kuisha kwa mkataba, niandikie, na uniambatanishie vigezo vya zabuni iliyopita. Tutaisoma ibara kwa ibara.

Mama yako