Maswali ya Wafugaji: Mitetea Wanaoanza Kutaga na Mahali Wanapolala

SWALI (Msomaji, Kibaha): Nina mitetea chotara 30 wenye umri wa wiki 23. Takribani theluthi moja wameanza kutaga, lakini baadhi ya mayai hayana gamba, yana utando tu, na hayo huyakuta asubuhi chini ya fito. Jana mtetea mmoja alishinda amesimama wima, mkia ameuangusha, akiingia na kutoka kiotani bila kutaga, na jioni hakupanda kulala na wenzake. Nawapa chakula cha kuku wa mayai tangu wakiwa na wiki 14, na taa huwaka bandani hadi saa nne usiku. Je, ni ugonjwa?

JIBU: Tuanze na huyo aliyeshinda amesimama, kwa kuwa yeye hana muda wa kusubiri. Dalili ulizozieleza ni za yai lililokwama. Kwa kawaida yai hukaa ndani ya kuku kwa muda wa saa 25 hivi tangu kiini kinapoachiliwa, na kati ya hizo takribani saa 20 hutumika kutengeneza gamba. Likishindwa kutoka baada ya hapo, kuku hujikamua, hupumua kwa nguvu, hukataa kula, na ukimpapasa tumbo chini ya mkia unaweza kulihisi yai lenyewe. Usimchanganye na kuku anayetaka kuatamia. Huyo hujitutumua manyoya na kunguruma ukimkaribia, lakini hutulia kiotani na wala hajikamui.

Mtumbukize sehemu ya nyuma katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, mkaushe, mpake mafuta safi ya kula kwenye tundu la kutagia, kisha mweke peke yake katika boksi lenye majani makavu, mahali penye joto na giza kidogo, akiwa na maji ya kunywa. Usilibinye yai wala kulivunja likiwa ndani, maana vipande vya gamba vitamchana. Siku ikipita bila yai kutoka, mwite mtaalamu wa mifugo. Ukiona nyama nyekundu imetokeza nje, mtenge papo hapo, kwani wenzake wataidonoa hadi wamuue. Aliyepata tatizo hilo mara moja mara nyingi hulirudia, na kwa maoni yangu hafai kubakizwa kwa ajili ya mayai.

Mayai yasiyo na gamba hayatishi sana. Mtetea anayeanza huweza kutaga machache ya namna hiyo, pamoja na madogo kupindukia, yenye viini viwili au yenye mchirizi wa damu juu ya gamba, kwa sababu mwili bado unajipanga. Yakiendelea baada ya wiki mbili au tatu, angalia madini ya chokaa. Weka chombo cha pembeni chenye makombe ya baharini yaliyopondwa hadi kufikia ukubwa wa punje za mchele, na uyaweke alasiri, kwa kuwa gamba hujengwa zaidi usiku. Ukitumia maganda ya mayai, yakaange kwanza na kuyasaga, wasije wakazoea kula mayai yao wenyewe. Lakini ikiwa hata mitetea waliokuwa wakitaga vizuri wameanza kutoa mayai yaliyokunjamana, yenye ute mwepesi kama maji, huku wengine wakikohoa au kukoroma, hilo ni jambo jingine, na linamhitaji daktari wa mifugo.

Kuhusu chakula, ulikiwahisha. Chakula cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu, yaani hayo madini ya chokaa, ya asilimia 3.5 hadi 4, ilhali cha kukuzia huwa na asilimia 1 hivi. Ziada hiyo huzitesa figo za mtetea ambaye bado anakua, wala haimharakishi kutaga. Kundi lijalo lisubiri wiki ya 18 au yai la kwanza.

Taa yako, nadhani, inafanya madhara ambayo hujayahesabu. Katika nchi yetu mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, na mwanga wa ziada huusukuma mwili wa kuku kutaga, hata kama nyonga hazijapanuka vya kutosha. Ndipo mayai hukwama. Kwa kuwa wamekwisha kuanza, usiizime ghafla wala usiongeze muda. Hata hivyo, ihamishe kidogo kidogo, iwake kuanzia saa tisa usiku hadi kupambazuke badala ya kuwaka jioni, jumla ya saa ikibaki ile ile. Taa inayozimwa mara moja saa nne huwaacha sakafuni wale ambao hawajapanda, kwa sababu kuku haoni gizani, na hao ndio unaowakuta wamelala pembeni na kinyesi vifuani. Giza la magharibi linaloingia polepole huwapandisha wote wenyewe.

SWALI (Msomaji, Morogoro): Mitetea wangu wa kienyeji hulala ndani ya viota na kuvichafua, na tangu wiki iliyopita wengine wamehamia juu ya mwembe. Nifanyeje?

JIBU: Kuku hupenda kulala mahali pa juu kuliko pote bandani. Pima: bila shaka viota vyako viko juu kuliko fito. Inua fito, au shusha viota, kisha vifunge viota kwa gunia kila jioni na kuvifungua alfajiri. Ufito uwe na upana wa sentimita 4 hadi 5, kingo zilainishwe, na kila kuku apate sentimita 20 hadi 25. Mtetea aliyelelewa bila fito hajui kupanda. Mnyanyue gizani na kumweka juu, usiku baada ya usiku, hadi azoee.

Hao wa mwembeni wananitia wasiwasi zaidi. Kundi lililokuwa likiingia bandani bila shida na ghafla likakataa lina sababu, na mara nyingi sababu ni utitiri mwekundu, ambao mchana hujificha katika nyufa za mbao na usiku hutoka kunyonya damu. Ingia na tochi saa mbili usiku, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito. Kikitoka na michirizi ya damu, umewapata. Toa fito na viota nje, mwagia maji yanayochemka kwenye kila ufa, choma matandiko ya zamani, na umwombe afisa mifugo dawa inayofaa kwa kuku wanaotaga. Rudia baada ya wiki moja, kwa sababu mayai ya utitiri huwa yameanguliwa. Kama hakuna utitiri, tafuta nyoka au kicheche.

SWALI (Msomaji, Muheza): Mitetea wangu wa kienyeji wana miezi 7 na sijaona yai. Je, ni wagumba?

JIBU: Wa kienyeji wengi huanza kati ya miezi 6 na 8. Wakamate usiku wakiwa kwenye fito, wakati hawasumbui, na upime kwa vidole nafasi iliyo kati ya mifupa miwili ya nyonga. Ikiingia kidole kimoja, bado. Vikiingia viwili au vitatu, tundu likiwa pana na lenye unyevu, na upanga wa kichwani ukiwa mwekundu, basi anataga, ila anakuficha. Wafungie bandani hadi saa kumi jioni kwa siku chache, kisha upekue migomba na vichaka nyuma ya nyumba.