Mkalimani wa leba, saumu ya mgonjwa wa kisukari na maswali mengine

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wauguzi, matabibu na wakufunzi wa vyuo vya afya, na karibu zote zinazunguka jambo moja: namna ya kumwandaa mtoa huduma amheshimu mgonjwa ambaye lugha, imani au umri wake vinamweka mbali na yule anayemhudumia. Maswali nimeyafupisha, na kila kilichoweza kumtambulisha mgonjwa nimekiondoa.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nipo kituo cha afya wilayani Simanjiro. Wajawazito wengi wanaokuja kwetu wanajua Kimaasai tu, hivyo tunamtumia mume au binti aliyemsindikiza mama atutafsirie. Kiongozi wetu anasema hakuna njia nyingine. Je, tunakosea?

Jibu: Marahaba. Mnakosea, ingawa ninaelewa kabisa mnavyofika hapo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikimsimamia mwanafunzi katika kliniki ya wajawazito. Alimuuliza mama mmoja, kupitia kwa mumewe, amewahi kubeba mimba ngapi. Mume hakugeuka hata kumtazama mkewe; alijibu mwenyewe kwa Kiswahili, "Tatu." Alipotoka kwenda kununua daftari, tulimwita mhudumu wa usafi, mama wa makamo anayezungumza Kimaasai, akarudia swali lile lile. Mjamzito alikaa kimya kidogo, kisha akasema "imiet", yaani tano. Watoto wawili walikuwa wamefia tumboni, na katika uzazi wa mwisho alitokwa na damu nyingi baada ya kondo la nyuma kutoka. Taarifa hiyo ndiyo iliyomfanya apewe rufaa akajifungulie hospitali. Mume naye hakuwa amedanganya: alikuwa amewahesabu watoto walio hai.

Mtoto wa kumzaa ni mkalimani mbaya zaidi kuliko mume, kwa sababu mama hatamwambia binti yake wa miaka 12 kuhusu uchafu unaomtoka ukeni wala kuhusu kipigo cha nyumbani, na binti akiyasikia hayo anabebeshwa mzigo usio wake. Tafuteni wanawake wazima wawili au watatu wanaoijua lugha vizuri, wawe watumishi wenu au wahudumu wa afya ngazi ya jamii, waelekezwe kazi ya kutafsiri, wasaini ahadi ya kutunza siri, na walipwe chochote kwa muda wao. Yule mhudumu wa usafi alitufaa siku ile kwa bahati tu, na kituo hakiwezi kuendeshwa kwa bahati. Kisha wafundisheni watumishi wote kumtazama mgonjwa na si mkalimani, kusema sentensi fupi, na mwishoni kumwomba mama aeleze kwa maneno yake alichoelewa.

Mume msimfukuze mlangoni. Mkaribisheni kwanza, mpeni nafasi ya kueleza anachotaka kueleza, mwambieni kwamba kila mjamzito huonwa peke yake kwa muda, halafu mrudisheni mwishoni, kwa kuwa yeye ndiye mtakayemtegemea kutafuta usafiri usiku uchungu ukianza.

Kama mnaandaa mafunzo kazini, jaribuni igizo dhima ambalo mimi hulitumia: muuguzi analala kitandani akiwa mgonjwa, na mwenzake anayejua Kinyakyusa au Kisukuma anamhoji kwa lugha hiyo kwa dakika 10 bila kutafsiri neno. Mara nyingi chumba huanza kwa kicheko, na kufikia dakika ya nne hakuna anayecheka.

Swali: Mimi ni mkufunzi wa chuo cha uuguzi. Ningependa kuwapa wanafunzi kitini chenye miiko ya kila kabila, ili wajue la kufanya wakipangiwa kazi mikoani. Unaweza kunisaidia?

Jibu: Kwa kitini cha namna hiyo, hapana. Mwanafunzi akishakariri kwamba watu fulani hawapendi kufanyiwa upasuaji, atamfikia Mpare aliyezaliwa na kukulia Tandale, Dar es Salaam, akiwa na jibu tayari, wakati mgonjwa huyo hajaulizwa kitu. Nchini Marekani, mwaka 1998, madaktari Melanie Tervalon na Jann Murray-García waliandika kwamba mtoa huduma anahitaji unyenyekevu wa kuendelea kujifunza kutoka kwa mgonjwa, badala ya kujiona amehitimu katika utamaduni wa mtu mwingine. Miaka 20 kabla yao, daktari wa akili Arthur Kleinman na wenzake walikuwa wamependekeza maswali ambayo hadi leo ninayaona yanafaa kuliko kitini chochote. Kwa Kiswahili cha wodini yanaweza kuulizwa hivi: Wewe unaona ugonjwa huu umeletwa na nini? Unadhani kwa nini umeanza wakati ule? Unakuzuia kufanya nini? Unaogopa nini zaidi? Ungependa utibiwe vipi?

Mwanafunzi akiuliza hayo bila kuguna wala kukunja uso, ndipo ataambiwa kuhusu dawa za kienyeji ambazo mgonjwa amekuwa akizinywa pamoja na vidonge vya hospitali. Mguno mmoja tu, na sehemu hiyo ya historia haitapatikana tena. Kwa hiyo, katika mtihani wa vitendo, toa alama kwa kuuliza na kwa kusikiliza, kama unavyotoa kwa kupima shinikizo la damu.

Swali: Nina umri wa miaka 16. Nikienda kupima VVU bila mama, muuguzi anaruhusiwa kunikatalia?

Jibu: Kwa Tanzania Bara, hapana. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Majibu ni siri yako, mwanangu, na muuguzi hapaswi kumpigia mama yako simu "kwa wema". Ukiwa na mtu mzima unayemwamini, ni vyema akusindikize, lakini uamuzi huo ni wako.

Swali: Mimi ni tabibu huku Pemba. Wagonjwa wangu wa kisukari wanasisitiza kufunga Ramadhani. Nikiwakataza wananiitikia, kisha wanafunga kimyakimya na kubadilisha dozi wenyewe. Maadili yananitaka nifanye nini?

Jibu: Umeshaona mwenyewe matokeo ya kukataza. Mazungumzo yaanze wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, na yaanze kwa kumuuliza mgonjwa mwaka jana alifungaje na alipatwa na nini. Yuko ambaye hatari yake ni kubwa mno: anayetegemea insulini tangu utotoni, mjamzito, mwenye figo zilizochoka, na aliyewahi kuzimia hivi karibuni kwa sukari kushuka. Huyo mweleze waziwazi, bila kumficha wala kumtisha. Wengine wengi wanaweza kufunga ikiwa dawa zitapangwa upya kati ya futari na daku, na ikiwa watakubali kujipima mchana. Wanazuoni walio wengi wanasema kuchoma kidole hakubatilishi saumu, na mgonjwa apewe namba za kukumbuka: sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipanda kupita 16.6 mmol/L, afungue mara moja.

Suala la ruhusa ya mgonjwa kula lipo ndani ya Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, lakini si kazi yako kutoa fatwa. Mwombe sheikh wa msikiti wa jirani aje siku moja kliniki, mkae naye mbele ya wagonjwa, wewe ueleze mwili na yeye aeleze dini.

Swali: Ninaongoza kituo. Tuliwapeleka wauguzi sita kwenye semina ya huduma yenye staha kwa wazazi, yaani akina mama wanaojifungua. Walirudi na vyeti, na baada ya miezi miwili makelele ya wauguzi leba, yaani chumba cha kujifungulia, yamerudi palepale. Tatizo ni tabia zao?

Jibu: Tabia ipo, ila mmeiangalia peke yake. Nchini Kenya, mwaka 2013, mama mmoja alijifungua sakafuni kwenye korido ya hospitali ya umma mjini Bungoma, akatukanwa na kupigwa. Machi 2018 Mahakama Kuu iliamuru alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya na aombwe radhi. Na haikuishia kwa wauguzi, kwani ilizilaumu pia serikali za kaunti na ya taifa kwa kushindwa kuweka rasilimali na usimamizi wa kutosha. Hukumu hiyo ningeifundisha katika kila chuo.

Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku na wazazi saba, akijua kwamba mtoto akifariki ataulizwa yeye, atapiga kelele hata kama cheti chake kimetundikwa ukutani. Mpunguzieni hofu hiyo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kila mzazi awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe, na msindikizaji huyo ndiye anayemkanda mgongo, anampa maji na kumtuliza wakati muuguzi yupo kitanda kingine. Mtaniambia leba ni moja na haina faragha, hivyo ndugu hawawezi kuingia. Basi shoneni mapazia. Fundi wa sokoni atawashonea ya kitambaa kinachofulika. Anzeni na vitanda viwili vilivyo karibu na mlango, na muuguzi mkunga mwandamizi, ambaye wanafunzi wote humwiga hadi sauti yake, ndiye apangiwe vitanda hivyo kwanza.