Programu iliniandikia ripoti, nikala supu

Juzi usiku mdogo wetu mmoja, yuko mwaka wa pili shahada ya biashara, kanitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nitajie programu moja ya kuniandikia ripoti ya fildi, itoke kama unavyoandika wewe." Marahaba. Fildi ni yale mafunzo ya vitendo kwenye kampuni. Nilicheka, halafu moyo ukaniuma. Swali hilo hilo niliwahi kuuliza mimi, na jibu nililopewa likaniletea supu, yaani kufeli na kurudia wakati wa likizo.

Wengi wetu tulisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kidato cha kwanza tukageuziwa kila kitu Kiingereza. Ukifika chuo mizania unaifunga vizuri tu, ila kuieleza kwa aya tatu zinazosomeka ni mtihani mwingine. Mwenzangu wa chumba akanionyesha programu ya kugeuza sentensi: unabandika maneno ya mtu, inakurudishia mengine. Kurasa 30 nilizimaliza usiku mmoja. Asubuhi nikaenda kuprinti steshenari, natembea kama mkurugenzi.

Msimamizi aliisoma mbele ya wenzangu. "Current assets", yaani mali za muda mfupi, zilikuwa zimegeuka "present belongings", na "cost of sales" imekuwa "price of sales". Gharama na bei, vitu ambavyo hata muuza nyanya wa Mabibo havichanganyi! Akaniuliza, "Hizi mali zako za sasa ni zipi, godoro na ndoo?" Darasa likaangua kicheko. Mpaka leo wapo wanaoniita Ndoo kwenye grupu, na sijawahi kuona kinachochekesha.

Likizo ile haina la kusimulia. Ripoti ya pili niliandika mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, ndipo nikaipitisha kwenye Grammarly, programu ya kukagua makosa ya Kiingereza, ile ya bure. Ikajaa mistari myekundu. Badala ya kubofya kukubali tu, kila kosa nikawa naliandika kwenye daftari. Baada ya wiki mbili daftari likanisema: nusu nzima ilikuwa "a" na "the", vijineno ambavyo Kiswahili hakina. Kosa jingine programu haikuliona kabisa, nililinasa kwa kusoma kwa sauti: meneja mama nimemwita "he" kurasa mbili, maana kwetu "amelipa" haibagui mama wala baba.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: andika kwanza, programu ije baadaye. Chagua Kiingereza cha Uingereza kwenye mipangilio. ChatGPT, programu ya akili bandia inayojibu na kuandika, ilipokuja mwishoni mwa 2022 watu wakaniambia daftari langu limekufa. Mimi huiuliza "kwa nini sentensi hii haieleweki", siiambii "niandikie". Na hesabu za kampuni uliyofanyia fildi usizibandike humo, si zako. Lakini kubwa ni kuandika kwanza.

Vijana wenzangu, sote tunataka kampuni zetu, si ndiyo? Sasa afisa mikopo akikukazia macho, akakuuliza aya ya pili ya andiko lako la kuomba mkopo ina maana gani, utafungua simu? Mwezi uliopita andiko nililomwandikia mteja limepita benki mara ya kwanza, bila kurudishwa. Ndoo huyo huyo.

Mdogo wangu, nitumie kurasa mbili ulizoandika kwa mkono wako, na makosa yake yote. Zikija safi mno sizisomi.