Shangazi, baba anasema ming'oko itatuaibisha mbele ya wakwe

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Mtwara mjini. Upande wa baba ni Wamakonde wa Newala, Wakatoliki. Upande wa mama ni Waislamu wa Mikindani. Mchumba wangu ni Mchaga wa Rombo, na ndugu zake kama 40 watakuja kwa basi. Harusi ni mwezi wa 11, wageni 300. Kinachoninyima usingizi ni chakula. Mama mkwe anataka ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, na ndizi. Mama zangu wadogo wanataka pweza na wali wa nazi. Kamati imeandika vyakula 16, na kitimoto, yaani nguruwe, kimo. Bibi mzaa baba alisema atawapeleka wajukuu porini wakanichimbie ming'oko, ile mizizi yetu ya kuchemsha, ya harusi yangu, baba akakataa, eti wakwe watatuona washamba. Bibi hakujibu kitu, ila tangu siku ile hajaniuliza tena habari za harusi. Nifanyeje ili kila mgeni aridhike?*
*Bibi harusi mtarajiwa, Mtwara*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nakwama palepale pa mwishoni: bibi hajauliza tena habari za harusi. Hapo nitarudi. Kwanza nikutoe wasiwasi wa hizo sufuria 16.

Miaka kadhaa nyuma nilialikwa harusi Lindi mjini. Vyakula vilikuwa 14, vimepangwa ukuta mpaka ukuta, watu wakapiga picha. Tulikuja kuitwa kula saa nne usiku. Samaki wa nazi alikuwa amepikwa tangu mchana, nazi imeshaanza kuchacha. Meza za mbele zilichota nyama kwa kujaza, na foleni ilipofika kwa wazee waliotoka vijijini, kulikuwa na wali mweupe na majani ya kachumbari. Mzee mmoja niliyekaa naye alikunywa soda yake, akaaga kwa adabu, akaenda. Mpaka leo nikisikia kamati inasema "tuongeze na kile", namkumbuka mzee yule.

Kwa hiyo mwanangu, punguza. Vyakula saba vinatosha, na kila upande ukute kimoja kinachomwambia kwamba alifikiriwa. Mgeni hahesabu sufuria. Anataka ashibe, ale cha moto, na asiulize kama kilichomo kwenye sahani yake anaruhusiwa kukila.

Hilo la kuruhusiwa ndilo linaloanza, kabla hata ya ladha. Kitimoto kitoe kabisa. Najua kuna wajumbe watasema kiwekwe meza ya pembeni. Lakini ukumbi ni mmoja, wahudumu ni walewale, na miiko inahama sufuria bila mtu kuona. Mama zako wa Mikindani watakaa hapo hawana uhakika hata na kachumbari, na wengine watarudi nyumbani na njaa bila kukwambia neno. Wanaokipenda watakila siku nyingine. Nyama yote, ya ng'ombe, mbuzi na kuku, ichinjwe na Mwislamu, kama tunavyofanya kwenye shughuli zetu miaka yote, na watu wote wajue hivyo. Waulize pia wakwe kama kuna Wasabato kati yao. Hao hawali pweza, ngisi wala kamba, kwa hiyo wawe na samaki wa magamba au kuku.

Sasa ndafu. Mama mkwe mpe, na umpe kwa moyo wote. Kwao ndafu si kitoweo tu, ndiyo heshima inayokatwa mbele ya watu na kupelekwa kwa wakwe. Ila usimtafutie mchomaji hapa Mtwara. Mpeleke mshenga Rombo akamwambie hivi: mbuzi tutamtoa sisi, mjomba wa bibi harusi kutoka Mikindani atachinja, na nyinyi mtuletee mtu wenu wa kuchoma. Mbuzi mzima anakaa kwenye moto saa nyingi, kwa hiyo huyo mtu afike siku moja kabla. Utaona mama mkwe atakavyolainika, maana atakuwa na kazi yake ndani ya shughuli, hatakuwa mgeni wa kukagua. Ndizi nazo zipikwe na nyama, sufuria moja, wala usijaze meza kwa aina tatu za ndizi.

Pweza ana mambo yake, na mama zako wadogo wanayajua kuliko mimi. Pweza hufuata bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali, watu wanashuka mwambani na pweza anapatikana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, utazunguka soko zima na utakachopata ni kidogo na bei imepanda. Kaa na kalenda ya mwezi leo uone tarehe yako imeangukia wapi. Ikiangukia maji mafu, agiza kwenye bamvua la kabla, awekwe kwenye friza; pweza akigandishwa hulainika, hutapoteza kitu. Apikwe wa nazi, awe chakula cha kuonja, kijiko kimoja kimoja, maana wageni wa bara wengine hawajawahi kumweka mdomoni. Kwa kushibisha weka samaki, kolekole au jodari.

Wali wa nazi kwa watu 300, kwenye joto la Novemba, mimi siuungi mkono. Pika pilau iwe ndiyo mama wa meza, haichachi upesi, na Mchaga anaila, Mmakonde anaila, Mmwera anaila. Nazi iache kwenye samaki, pweza na mbaazi, na hivyo viungwe mwisho kabisa, wageni wakiwa wameshaingia ukumbini. Halafu kisamvu, kipondwe, kichemke sana, ndipo kitiwe nazi. Korosho iliyopondwa inakinogesha, na mwezi wa 11 ndio msimu wenyewe, ila wapo watu ambao korosho inawadhuru, wanavimba midomo na kubanwa pumzi. Weka sufuria moja ya kisamvu yenye korosho na nyingine isiyo nazo, na mhudumu aseme ipi ni ipi. Pilipili ikae kwenye bakuli lake.

Hesabu wape kamati kwa maandishi, maana hapo ndipo shughuli nyingi zinapovunjikia. Wageni ni 300, lakini pikia 330. Wapishi watakula, mpiga picha atakula, madereva, wapiga muziki, na wale wanaofuatana na mwenye kadi. Kilo moja ya mchele inalisha watu sita hadi saba, kwa hiyo kilo 50. Nyama, kilo moja kwa watu watano, kama kilo 65, na humo usihesabu ndafu. Samaki ukimpa kila mtu kipande cha gramu 100, unahitaji kilo 33 za minofu, lakini samaki mzima karibu nusu yake ni kichwa, matumbo na miiba, kwa hiyo nunua kilo 60 na zaidi. Nyama na samaki vigawiwe na wahudumu. Wali na mboga mtu ajichotee mwenyewe apendavyo. Foleni ziwe mbili, na wazee wasisimame kabisa. Wapelekewe mezani, wa kwanza.

Na chakula kitoke saa mbili usiku. Mwambie MC mapema kwamba hotuba ndefu na zawadi zitafuata watu wakiwa wamekula. Ndugu za mchumba wako watakuwa wamesafiri zaidi ya kilometa 1,000 kuja kukuoa, hawawezi kusikiliza salamu za kamati na tumbo tupu. Jiko la nje lifungiwe turubai, kwani mvua za kwanza zinaweza kukukuta mwezi huo. Wiki mbili kabla, mpishi akupikie hivyo saba kwa watu kumi, muonje. Mpishi anayekataa kuonjwa, tafuta mwingine.

Nirudi kwa bibi.

Baba yako nisimlaumu. Amekuwa mjini, anajua jinsi watu wa bara wanavyotutania sisi wa kusini, kwamba tunakula mizizi ya porini na panya, na hataki mwanawe achekwe siku hiyo. Ni baba anayekuona wewe kwanza. Lakini aliyemkatalia ni mama yake mzazi, mwanamke aliyemlea kwa chakula hichohicho. Bibi hakukwambia "nitakuchangia laki mbili". Alikupa alichonacho, jasho la wajukuu zake na macho yake ya kujua mmea upi wa ming'oko umekomaa. Akinyamaza sasa, usidhani amekubali.

Tena mwanangu, fikiri kidogo. Pilau wakwe zako wataila Rombo wiki ijayo. Ndizi wanazo nyuma ya nyumba. Ming'oko ni ya huku kwetu kusini. Sitaki iingizwe kwenye foleni pamoja na wali, itapoa na kusahaulika. Iwe ya kwanza kabisa, mlangoni. Ichemshwe kwa chumvi, iwekwe kwenye vikapu vilivyotandikwa majani ya mgomba, na kando yake korosho za kukaanga na pilipili kidogo. Wageni wanaingia na njaa, wanapokewa na mabinti, wanaambiwa "karibuni, bibi wa bibi harusi amewachimbia". Na bibi awe amekaa hapohapo kwenye kiti kizuri, amevaa kitenge kipya, wakwe wamsalimie kabla ya kumsalimia mtu mwingine yeyote. Niambie nani atacheka hapo.

Kama bibi atapenda, apikiwe pia ugali wa muhogo na mbaazi, lakini kidogo, uende wa moto kwenye meza za wazee tu. Ugali wa kusubiri foleni unakuwa jiwe.

Kumkabili baba usiende wewe, na usilete neno hili mbele ya kamati, atajiona amevuliwa nguo. Mtume mjomba wako. Huku kusini mjomba ana sauti kwenye ndoa ya mpwa wake, na huyu ndiye atakayechinja, kwa hiyo ana mlango wa kuingilia. Wakae wawili, jioni, amwambie hili la vikapu mlangoni, na amwambie pia kwamba mama yake amenyamaza. Huenda baba hajaona. Wanaume wengi kwenye heka heka za michango hawaoni.

Lakini wewe usimsubiri mjomba ndipo umwone bibi. Jumamosi hii panda gari uende Newala. Usiende na mtu wa kamati, usiende na daftari. Kaa naye jikoni, umenye muhogo, na ukishakaa vya kutosha muulize anahitaji vijana wangapi wa kuchimba, na waanze lini.