Nilivyoificha Safari ya Ujerumani, na Hasara Iliyonipata

Mwezi Juni 2025 nilimlipa mwenye nyumba wangu wa Mbagala kodi ya miezi sita, ilhali nilikuwa nimekwisha kupokea barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja cha Leipzig, na nilijua kwamba, Mungu akipenda, mwisho wa Septemba nisingekuwa tena katika chumba kile. Nililipa kwa sababu niliogopa kumwambia. Mzee yule hakuwa na ubaya wowote. Ni kwamba nimelelewa, kama wengi wetu, kwa usia kuwa safari haitangazwi. Unanyamaza mpaka ndege iruke, kisha unatuma picha umevaa koti zito, na watu wanabaki kuulizana hata paspoti uliipata lini.

Sitaki kuudharau usia huo. Husuda ipo, na hata asiyeiamini anajua kwamba visa huombwa tu, haidaiwi kama deni. Ukitangaza kisha ukanyimwa, utajibu maswali ya mtaa mzima hadi mwaka uishe. Lakini baada ya kuipitia njia hiyo mwenyewe, ushauri wangu kwa anayejiandaa kuhama ni kwamba achague mapema watu watano au sita wa kuwaambia ukweli, nami nitaeleza kwa nini, nikianza na karatasi, maana huko ndiko nilikokwama kwanza.

Cheti changu cha kuzaliwa kinaonyesha kwamba baba yangu anaitwa Hamisi. Vyeti vyangu vya mitihani, kuanzia kidato cha nne, vinaniandika binti wa Khamis. Niliishi na tofauti hiyo miaka yote bila kuiona kuwa tatizo, kwa sababu hapa kwetu kila anayesoma maneno hayo mawili anajua kwamba ni jina moja. Mtu wa nje hajui. Kwake yeye Hamisi ni mtu mmoja na Khamis ni mwingine, na msichana mwenye baba wawili lazima ajieleze. Nilikwenda kwa wakili peke yangu, nikaapa, nikalipa, kisha katika ofisi moja nikaambiwa kwamba kiapo changu pekee hakitoshi na kwamba ingefaa niwe na maandishi yoyote ya mzazi mwenyewe. Na baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kwa wiki tatu nilizunguka na bahasha ya kaki kwapani, nikiwaaga wenzangu kazini kwamba ninakwenda hospitali, mpaka mmoja wao akaanza kunionea huruma na kuniletea machungwa.

Wiki ya nne nikampigia shangazi yangu aliyeko Tanga. Hata hapo sikusema ukweli moja kwa moja, nilijifanya ninauliza tu habari za ukoo. Akacheka, akanieleza kwamba baba alifanya kazi Unguja kwa miaka kadhaa kabla sijaanza shule, na kwa kuwa kule watu wamezoea kuliandika jina hilo kwa K na H, aliporudi bara akaendelea kuandika vivyo hivyo, na ndivyo alivyoniandikisha darasa la kwanza. Baba mwenyewe alisumbuliwa na herufi hiyohiyo alipokuwa akifuatilia mafao yake, akaapa mbele ya hakimu kwamba Hamisi na Khamis ni mtu mmoja, na nakala ya kiapo hicho ilikuwa ndani ya sanduku la shangazi, imekunjwa mara nne, chini ya kanga ambazo hajawahi kuzivaa. Iliingia Dar es Salaam na basi la asubuhi iliyofuata. "Ungesema tangu mwanzo, mwanangu," ndilo neno pekee la lawama alilonipa.

Kwa hiyo, kabla hujajaza fomu yoyote, tandaza kitandani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA, vyeti vya chuo, kitambulisho cha NIDA na paspoti, usome majina na tarehe herufi kwa herufi kana kwamba hujawahi kujiona. Ukikuta tofauti, usikimbilie kwa wakili kabla ya kumpigia mzee mmoja anayejua jina lilitoka wapi na likapita wapi, kwa maana sababu ya tofauti huwa ina karatasi yake mahali fulani, na aghalabu karatasi hiyo iko kwenye sanduku la mwanamke mmoja mtu mzima katika ukoo.

Fedha nazo zina kisa chao. Ujerumani humtaka mwanafunzi asiye na ufadhili athibitishe kwamba ataweza kujikimu, na njia inayotumiwa na wengi ni kuweka fedha katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo akishafika huruhusiwa kutoa kiasi kilichopangwa kila mwezi na si zaidi. Kwa mwaka niliosafiri mimi kiwango kilikuwa euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi. Ukizigeuza hizo kuwa shilingi unapata zaidi ya milioni 30, na tena unajikuta unatazama thamani ya shilingi kila asubuhi kabla hujapiga mswaki, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu na simtakii mtu. Nilikuwa na akiba, nilikuwa na hisa zangu katika kikoba, na nilikuwa na kiwanja Chanika nilichokinunua kidogo kidogo nilipoanza kazi. Nikampa dalali kazi ya kukiuza kwa siri. Dalali ni mtu anayesoma nyuso. Aliona haraka yangu, akaona kwamba sitaki watu wajue, na kwa hayo mawili akaniletea mnunuzi anayetoa theluthi mbili ya bei waliyouza majirani zangu.

Nilikuwa karibu kukubali. Kilichoniokoa ni kwamba nilipotaka kutoa hisa zangu kabla ya mzunguko kwisha, mwenyekiti wa kikoba alikataa kunipa mpaka nitoe sababu inayoeleweka, na sikuwa na uongo mwingine uliobaki. Nilisimama mbele ya wanawake 22 nikasema ninakwenda kusoma. Palikuwa na kimya kidogo, kisha mmoja akapiga kigelegele, na kabla kikao hakijafungwa mwenzetu mwingine akaniuliza kile kiwanja kiko upande gani wa barabara. Alikinunua yeye, kwa bei ya haki, tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Jumla ya siku tulizotumia ni tisa, wakati kwa dalali nilikuwa nimepoteza miezi miwili.

Picha za visa zinastahili maneno machache tu. Studio nyingi za kwetu zimezoea kupiga picha ndogo zenye rangi ya bluu nyuma, lakini Wajerumani wanataka picha ya milimita 35 kwa 45, iliyopigwa mbele ya rangi nyepesi, ikiwezekana ya kijivu, na uso ukijaza sehemu kubwa ya picha. Chapisha maelezo hayo, umpe mpiga picha ayasome mwenyewe. Mimi niliyaeleza kwa mdomo, nikarudi mara tatu, na mara ya tatu kijana akanishauri nitabasamu kidogo, ushauri ambao ungenirudisha mara ya nne.

Jioni nilikuwa nikisoma Kijerumani Goethe-Institut, na majirani nilikuwa nimewaambia kwamba ninasoma kompyuta. Uongo huo ulidumu hadi mama wa chumba cha tatu alipoleta kompyuta ya mwanawe niitengeneze. Nilipomweleza ukweli alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku ile mwanawe wa darasa la sita akawa mwenzangu wa kukariri, akishika daftari na kuniuliza maneno huku mimi nikifua. Hizo ndizo jioni ninazozikumbuka kuliko zote za maandalizi yangu. Tulikuwa tunafika kwenye nambari, ambazo Wajerumani huzitaja kwa kutanguliza mamoja, yaani badala ya ishirini na moja wao husema moja na ishirini, na wanafunzi wenzangu darasani walikuwa wakilalamika sana. Mimi nikakumbuka kwamba hesabu za Kiarabu tulizofundishwa madrasa huko Muheza huenda hivyohivyo, na tangu hapo nambari hazikunisumbua. Mtoto yule naye alifurahi kupita kiasi kusikia kwamba neno "shule" tumelipata kwa Wajerumani, na kwamba "hela" ni sarafu yao ya enzi za ukoloni. Alikwenda kumwambia mwalimu wake. Kwa hiyo shule nzima ikajua kwamba ninasafiri, na sikudhurika.

Koti nililinunua Karume, kwenye soko la mitumba. Mtu akienda kule akitafuta koti la baridi mwezi wa nane, katika joto la Dar es Salaam, hana siri tena, basi nikamwambia muuzaji wazi kwamba ninakwenda Ujerumani na sijui chochote kuhusu baridi. Akaacha kuninadia yale yanayong'aa, akanifundisha kukagua zipu kwa kuipandisha mara kumi, kupitisha mkono ndani ya mifuko kutafuta palipochanika, kuliminya koti na kulitazama kama linainuka tena au linabaki limelala, maana lililojazwa manyoya ya bata huinuka. Nililolichagua lilikuwa na lebo ya maelekezo ya kufua iliyoandikwa kwa Kijerumani. Nikaisoma yote, palepale katikati ya marobota, kwa sauti, na nikaielewa! Lilikuwa limetoka kwao ndani ya belo, nami nilikuwa ninalirudisha kwao ndani ya begi. Hata muuzaji aliliona hilo, akapunguza shilingi 5,000. Nakushauri ununue koti moja tu. Viatu, glovu na nguo za ndani za kujikinga na baridi ununue huko huko, kwa kuwa zinauzwa na watu wanaoijua baridi yenyewe.

Mambo ya benki na simu niyapitie haraka. Nenda benki ueleze kwamba utatumia kadi nje ya nchi, na hakikisha laini yako imeruhusiwa kupokea ujumbe ukiwa nje, kwa sababu namba za siri za kuthibitisha miamala huja kwa ujumbe, na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa. Mwandikie mdogo wako au mtu mwingine unayemwamini hati ya uwakilishi kwa wakili kabla hujaondoka. Kuiandika ukiwa ugenini ni shughuli nyingine. Na mtu akikuletea kifurushi umpelekee ndugu yake, kifungue mbele yake. Asiyekubali kifunguliwe aende nacho mwenyewe.

Nilipokwenda Muheza kuaga, mama alikuwa amekwisha kupanga nitakachobeba: samli chupa mbili na kiroba cha machungwa. Muheza bila machungwa si safari. Ilinibidi nimweleze kwamba Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kutoka nchi kama yetu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, na samli ni maziwa, na kwamba matunda mabichi huhitaji cheti cha ukaguzi wa mimea, isipokuwa ndizi, nanasi, nazi, tende na lile tunda la durian ambalo wengi wetu hatujawahi kulionja. Mama alisikiliza kwa uso wa mtu anayedhulumiwa. Kisha akauliza, "Nazi umesema wanaruhusu?" Nikasema wanaruhusu. Akanyanyuka, akaingia jikoni, akatoka na mbuzi yake ya kukunia, ile aliyopewa alipoolewa, mbao imekuwa nyeusi kwa kukaliwa, akaniambia kwamba nazi bila mbuzi ni jiwe.

Usiku ule walisoma dua. Nilikuwa nimejitayarisha kwa macho ya watu, na kwa kweli macho yalikuwapo, ya majirani wa pande zote, yakinitazama nikilia mbele ya sinia la visheti. Binamu mmoja aliniagiza simu, mwingine viatu vya mpira, na babu mmoja aliyesoma zamani akaniagiza nimletee hali ya hewa iliyoandikwa, nami hadi leo sijaelewa alimaanisha nini, ila humtumia kila wiki.

Kuhusu kodi, nilipokwenda hatimaye kumuaga mwenye nyumba, alitikisa kichwa akasema kwamba angenipokea kwa mwezi mwezi kama ningemweleza, kwani hata bintiye aliondoka hivyo kwenda Muscat. Miezi mitatu iliyobaki hakunirudishia, na sikumdai.

Siku mbili kabla ya safari nilibeba begi hadi kwa muuza nafaka wa mtaani, mwenye mizani ya kupimia magunia, kwa sababu tiketi yangu iliniruhusu kilo 23 na mizani ya nyumbani sikuwa nayo. Likaonyesha 25 na nusu. Tukalifungua kati ya mchele na maharage, nikatoa vitabu viwili, nikatoa jozi ya viatu, nikashika mbuzi ya mama, nikairudisha. Tukapima tena, 23 na kidogo. Akanitazama, akaniuliza ninakwenda wapi na mbuzi, nikamwambia Leipzig.

"Mbona hukusema siku zote hizo?" akasema huku akitafuta simu mfukoni. "Mdogo wa mke wangu yuko hukohuko Ujerumani, mji wenyewe ndio nausahau. Ngoja nimpigie."