Waridi la jangwani: maji ndiyo yanayoliua

Maswali ya waridi la jangwani (Adenium), ule mmea wa maua wenye shina nene la chini, yamejaa mezani, kama ilivyo kila masika. Nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Kama uliniandikia kuhusu majani ya njano, jibu lako ni hili la kwanza. Lisome kabla hujashika ndoo.

Shikamoo mama. Waridi langu limegeuka majani ya njano na shina la chini limekuwa laini, ukilibonyeza kidole kinazama. Nalimwagilia kila asubuhi bila kukosa. Niliwekee mbolea gani? (Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Usiliwekee mbolea yoyote. Waridi lako linaoza, na mbolea haijawahi kuponya mmea unaooza.

Kile kitako, yaani shina nene la chini, ni ghala la maji. Mmea huu umeumbwa kuishi miezi bila tone la mvua, na mizizi yake inataka hewa kuliko inavyotaka maji. Udongo ukilowa kila asubuhi, hewa inakwisha, mizizi inakufa, na uozo unapanda hadi kwenye kitako. Majani ya njano ni dalili ya mwisho. Chini kazi ilishaanza zamani.

Ling'oe leo. Kung'uta udongo wote na uoshe mizizi. Chukua kisu kikali, kipanguse kwa spiriti, kisha ukate kila mahali palipogeuka rangi ya kahawia au panapotoa maji yenye harufu. Kata mpaka ufike kwenye nyama nyeupe isiyo na doa, na upanguse kisu kila baada ya mkato. Wengi wanaonea huruma umbo la mmea, wanaacha doa dogo, na baada ya siku chache doa lile limekula kitako kizima. Paka majeraha unga wa mkaa au dawa ya ukungu kutoka duka la pembejeo. Liweke kivulini penye upepo, bila udongo na bila maji, hadi jeraha liwe kavu na gumu. Kwa unyevu wa Dar, wiki mbili si nyingi. Ndipo ulipande kwenye mchanganyiko mkavu, usubiri siku kadhaa tena, halafu umwagilie kidogo.

Kwa wasomaji wengine: kitako laini kwenye udongo mkavu ni kiu, na kinajaa tena baada ya kunywa. Kitako laini kwenye udongo uliolowa ni uozo. Gusa udongo kwanza kabla hujaamua.

Na chungu chako kina tobo? Hukusema, na watu hawasemi mpaka niulize. Vile vyungu vya kung'aa visivyo na tobo ni vya kuweka sebuleni maua ya plastiki. Msiniambie mmeweka kokoto chini. Kokoto hazitoi maji nje ya chungu; maji yanabaki palepale, na udongo ulio juu yake unabaki umelowa. Toboa chungu au nunua kingine. Cha udongo wa kufinyanga ndicho bora, kwa kuwa chenyewe kinapumua.

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki? (Wengi mno)

Usihesabu siku. Chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini ya chungu: kikitoka na unyevu, acha, kikitoka kikavu kabisa, mwagilia mpaka maji yatoke tobo la chini, kisha usiguse tena hadi kikauke. Wakati wa masika sogeza chungu chini ya paa.

Mimi niko Nairobi, South B. Waridi limepukutisha majani yote mwezi wa saba. Limekufa? Nimelihamishia ndani karibu na televisheni na naliongezea maji. (Msomaji wa kike)

Halijakufa bado, dada, ila hayo maji unayoliongezea yanaweza kuliua. Kwaruza ngozi ya tawi kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, liko hai na limelala. Huu ni mmea wa joto. Baridi ikikaribia nyuzi 10 unasimamisha kazi, na usiku wa Julai Nairobi unafika huko. Mmea uliolala haunywi, kwa hiyo maji unayomimina yanakaa kwenye mizizi baridi na kuiozesha.

Kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti usilipe maji, au ulipe kidogo sana ukiona kitako kinanywea. Liondoe karibu na televisheni na uliweke kwenye dirisha lenye jua la moja kwa moja, au roshani iliyokingwa na manyunyu. Jua likirudi na vichipukizi vikianza kutokeza, anza maji taratibu. Wasomaji wetu walioko Uingereza na Marekani wafanye hivyohivyo katika miezi ya baridi ya kwao, isipokuwa usingizi wa kwao ni mrefu zaidi na haifai kabisa liachwe nje wakati huo.

Sebule hailifai waridi la jangwani. Linataka jua la saa sita kwa siku au zaidi. Kama nyumba yako haina jua hilo, tafuta mmea mwingine wa kulea. Ipo mingi inayopenda kivuli.

Kuna kijana anapita mtaani na mawaridi makubwa, kitako kama ndoo, bei nafuu kuliko kitaluni. Anasema yanatoka upande wa Voi. Ninunue? (Msomaji wa Bamburi, Mombasa)

Usinunue. Nakuomba, na nawaomba wote wanaosoma hapa.

Waridi la jangwani ni mwenyeji wetu. Ukisafiri barabara ya Mombasa kwenda Nairobi wakati wa kiangazi utaliona Tsavo likiwa halina jani hata moja, maua ya waridi yamelifunika katikati ya nyasi kavu na miamba. Liko Samburu, liko Baringo, liko Mkomazi kwa ndugu zetu wa Tanzania. Kitako cha ukubwa wa ndoo kwenye ardhi ile ngumu kimechukua miaka mingi sana kunenepa. Mtu anakuja na sururu, anakata mizizi mikuu ili mmea uingie kwenye gunia, na asubuhi uko mtaani kwako. Mwaka 2022 Kenya nzima ilipiga kelele mibuyu ya Kilifi ilipokuwa inang'olewa ili ipelekwe nchi ya Georgia, kando ya Bahari Nyeusi. Ilikuwa haki kupiga kelele. Lakini waridi linang'olewa moja moja, kwa gunia, na sisi wapenda maua ndio tunaolipa. Hilo linaniuma.

Tena hasara ni yako pia. Mmea uliokatwa mizizi mikuu hivyo, ukapandwa haraka kwenye udongo uliolowa, mara nyingi unaoza. Unakaa miezi ukionekana mzima kwa sababu ya maji yaliyomo ndani ya kitako, hata kuchipua unachipua, halafu unaanguka ghafla. Wa porini utautambua: ngozi yake ina makovu na imeungua upande mmoja, umbo limepinda ovyo, na ukiuvuta kidogo unatikisika kwenye chungu kwa kuwa hauna mizizi ya kuushika. Wa kitaluni una ngozi laini na umesimama imara. Muulize muuzaji aliuotesha lini na kwa mbegu au kwa kipandikizi. Mwenye kitalu wa kweli atakujibu bila kubabaika.

Nataka kuotesha mwenyewe. Nipande tawi au mbegu? (Msomaji wa Kilifi)

Umeuliza vizuri, na jibu ni mbegu. Tawi linashika, lakini kwa kawaida halikupi kitako kile kinene kinachowafanya watu waupende mmea huu. Mche wa mbegu unanenepa chini tangu ukiwa na majani machache.

Mbegu zinakaa ndani ya maganda mawili yanayotokeza pamoja kama pembe za mbuzi. Ganda likianza kupauka lifunge uzi au kipande cha soksi nyepesi, kwa maana likipasuka mbegu zinaruka: kila moja ina kishungi cha manyoya huku na huku. Panda mbegu mbichi za mwaka huu, zilaze juu ya mchanga mnene uliochanganywa na mboji kidogo, uzifunike kwa tabaka jembamba tu. Kwa joto la pwani utaona miche ndani ya wiki moja hivi. Miche midogo, tofauti na mikubwa, haipendi kukauka kabisa. Ipe unyevu kidogo na jua la asubuhi. Ikitunzwa hivyo, mingi itatoa ua kati ya mwaka wa kwanza na wa pili.

Usitarajie ua la mtoto lifanane na la mama. Yale mawaridi ya petali nyingi zilizorundikana, mengi chanzo chake Thailand na Taiwan, huzalishwa kwa kuunganishwa juu ya shina la waridi la kawaida. Ukinunua la namna hiyo, kata kila chipukizi kinachotoka chini ya kiungo. Ukiviacha vichipukizi hivyo, shina la kawaida litashinda na utalalamika kwamba ua lako limebadilika rangi.

Mchanga wa baharini unafaa? Tunao bure. (Msomaji wa Bagamoyo)

Haufai, una chumvi. Tafuta mchanga mnene wa mtoni au changarawe ndogo, sehemu mbili kwa sehemu moja ya mboji iliyoiva, na vipande vya mkaa.

Jirani ameniambia utomvu wake unatuliza jino linalouma. Ni kweli? (Msomaji wa Morogoro)

Usijaribu, wala usimruhusu jirani ajaribu. Utomvu huo una sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huutumia kutengeneza sumu ya mishale wanayowindia wanyama wakubwa. Kitu kinachomwangusha mnyama pori hakiwekwi mdomoni mwa binadamu. Mtu akimeza, au mtoto akitafuna tawi, mpelekeni hospitali papo hapo pamoja na kipande cha mmea ili daktari aone. Msikae nyumbani kumnywesha maziwa na kungoja.

Unapokata matawi vaa glavu, usijiguse macho, na uoshe mikono na kisu kwa sabuni. Chungu kiwe mahali ambapo mtoto anayetambaa na mbuzi hawafiki. Ukizingatia hayo, unaweza kuishi nalo miaka bila tatizo. Kinachonitia hofu ni watu kugeuza kila mmea dawa.

Sisi tuko Maskati. Majani yanaungua kiangazi, na mwenye duka anasema mmea huu hauwezi Oman. (Msomaji wa Oman)

Anakosea. Waridi hili ni la kwenu pia. Linaota lenyewe kwenye milima ya Dhofar. Hata maelezo ya kwanza ya kisayansi yalitokana na mmea wa Uarabuni: mtaalamu wa mimea Peter Forsskål aliukuta Yemen katika msafara wa mfalme wa Denmark, akafia hukohuko mwaka 1763, na kitabu chake kikatoka mwaka 1775.

Kosa liko kwenye chungu. Chungu cheusi cha plastiki kilichowekwa juu ya saruji chini ya jua la Maskati kinapika mizizi. Tumia cha udongo, kikubwa kidogo, ukiinue juu ya matofali, na kuanzia saa sita mchana kiwe kivulini. Hapo maji yatahitajika mara nyingi kuliko Nairobi, lakini kijiti kile ndicho kiamue.

Lina miaka mitatu, majani tele, ua hakuna. Kila mwezi naliwekea urea. (Msomaji wa Moshi)

Urea ndiyo inayokupa majani. Iache. Tumia mbolea yenye fosforasi na potasiamu, kiasi kidogo, wakati mmea unakua tu. Kisha pogoa matawi marefu mwishoni mwa kiangazi, kwani ua hutoka kwenye ncha za matawi mapya: ncha zikiwa nyingi, maua huwa mengi. Na liwe juani.

Kuna wadudu wa njano wamejazana kwenye vichipukizi, na majani mengine yameliwa usiku mmoja. Nimeambiwa nipulize mafuta ya taa. (Msomaji wa Tanga)

Mafuta ya taa yataunguza mmea kabla hayajamaliza wadudu. Hao wa njano ni vidukari. Wapulizie maji yenye sabuni kidogo jioni, rudia baada ya siku chache, na ugeuze majani uangalie chini. Ukiona unga mweupe kwenye maungio, hao ni vidung'ata. Wapanguse kwa pamba yenye spiriti.

Aliyekula majani kwa usiku mmoja ni kiwavi mkubwa wa kijani mwenye pembe mkiani, mtoto wa nondo anayependa jamii hii ya mimea. Hahitaji dawa. Toka na tochi saa mbili usiku umtoe kwa mkono. Majani yatarudi, ila mpaka yarudi punguza maji.